SOMO LA ROBO HII: HEWA SAFI NDANI YA NYUMBA KWA MWENYE PUMU NA MZIO



Katika matoleo yaliyopita tumezungumzia maji, miti na lishe. Safari hii tunaleta somo kuhusu kitu ambacho kila mtu anakitumia mchana na usiku bila kukilipia, nacho ni hewa. Mara nyingi tunaposikia habari za hewa chafu tunafikiria viwanda na magari ya Dar es Salaam. Huku kwetu Njombe, penye misitu, mashamba ya chai na upepo wa milimani, ni vigumu mtu kuamini kwamba hewa yaweza kuwa mbaya. Ni kweli kwamba hewa ya nje kwetu ni nzuri kuliko ya miji mikubwa. Lakini mtoto mdogo, mama anayepika na bibi mwenye umri mkubwa hutumia saa nyingi ndani ya nyumba, na hewa ya humo ni habari nyingine kabisa.

Somo hili limeandaliwa ili lisomwe katika kikao cha kamati au katika jumuiya. Linaweza kugawanywa katika vipindi viwili. Mwishoni kuna maswali ya majadiliano.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili mshiriki aweze:
1. Kueleza tofauti kati ya mzio na pumu, na jinsi hewa ya ndani inavyoviamsha.
2. Kutaja vyanzo vikuu vya hewa chafu katika nyumba za Njombe na Makambako.
3. Kuchukua hatua zisizo na gharama, zenye gharama ndogo na zenye gharama kubwa.
4. Kupima kama hatua hizo zimemsaidia mgonjwa au la.

MZIO NA PUMU NI NINI?

Mwili wa binadamu una ulinzi wake. Kazi ya ulinzi huo ni kupambana na vijidudu vya magonjwa. Kwa baadhi ya watu ulinzi huu hukosea: hukutana na kitu kisicho na madhara kwa wengine, kama vumbi la godoro, manyoya ya paka au ukungu wa ukutani, ukakiona kuwa ni adui. Hapo ndipo mtu anapopiga chafya mfululizo, macho yanawasha, pua inatiririka maji au ngozi inatoka vipele. Hali hii tunaiita mzio, na wengine huiita aleji.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizoko kifuani. Njia hizo huwa nyepesi kukasirika. Zikikasirishwa, mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayozizunguka hubana, kuta zake huvimba, na makohozi huongezeka. Mgonjwa husikia kubanwa kifua, hukohoa hasa usiku na alfajiri, na akipumua husikika mlio kama wa filimbi. Watu wengi wenye pumu wana mzio pia, ingawa si wote.

Ni vizuri kutofautisha mambo mawili. Vumbi la godoro na manyoya huamsha mzio kwa yule tu ambaye mwili wake umeyakataa. Moshi hauchagui. Hukwaruza njia za hewa za kila mtu, ila mwenye pumu ndiye anayezidiwa wa kwanza. Kwa hiyo tunapoondoa moshi kwa ajili ya mgonjwa mmoja, tunawasaidia wote waliomo ndani.

Tuseme pia wazi kwamba pumu haiambukizi. Mtoto mwenye pumu hana sababu ya kutengwa darasani, wala kukatazwa kulala na wenzake. Wala si jambo la kurogwa, kama inavyosemwa katika baadhi ya familia.

VYANZO VYA HEWA CHAFU KATIKA NYUMBA ZETU

1. Moshi wa kuni

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ni kali, na usiku wa miezi hiyo watu hawakai mbali na moto. Kwa hiyo kwetu moto una kazi mbili, yaani kupika na kuota. Jiko la mafiga matatu huwaka tangu alfajiri, na jioni familia nzima hukaa kulizunguka huku mlango umefungwa.

Kuni zetu nazo zina habari yake. Kutokana na viwanda vya mbao, nyumba nyingi hupata mabanzi ya misindano kwa bei nafuu. Banzi likiwa bichi hutoa moshi mzito kuliko moto. Maji yaliyomo hupoza moto, na utomvu hugeuka kuwa moshi na masizi badala ya kuungua wote.

Ndani ya moshi kuna chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Zile zinazowahangaisha zaidi wataalamu ni zenye upana usiozidi elfu mbili na mia tano za sehemu ya milioni ya milimita, yaani nyembamba kuliko unywele wa kichwa mara 30 hivi. Kwa udogo huo hupita puani, hushuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano.

2. Jiko la mkaa chumbani

Mkaa wa miwati wa Njombe unasifika, na kwa kuwa hauna moshi mwingi watu huuona kuwa ni salama. Hapa pana hatari ambayo tunaomba kila kamati iitangaze bila kuchoka. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mwili hukosa hewa hali mtu anapumua kama kawaida. Aliyelala haamki.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wameamka na kichwa kinauma siku ile ile, na usiku kulikuwa na jiko la mkaa ndani, msingoje. Fungueni milango na madirisha, watoeni nje, na wapelekwe hospitali. Kanuni ni moja tu: jiko la mkaa halilali chumbani pamoja na watu, hata kama limebaki majivu mekundu kidogo.

3. Taa za mafuta ya taa na makaa ya mawe

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo inayoshauri kaya ziache kutumia mafuta ya taa, na zisitumie kabisa makaa ya mawe ambayo hayajasafishwa. Koroboi bado imo katika baadhi ya nyumba za vijijini, hasa pale ambapo taa ya sola imeharibika na haijatengenezwa. Kwa ndugu zetu wa upande wa Ludewa, ambako makaa ya mawe yako ardhini, onyo hili la pili linawahusu.

4. Vumbi

Wanaoishi Makambako wanaufahamu upepo wa pale. Mji uko kwenye njia panda ya barabara kuu iendayo Zambia na ile ya Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Wakati wa kiangazi upepo huchukua vumbi la viwanja, la barabara za mitaani na la mashamba yaliyolimwa, ukalipitisha chini ya mlango na kwenye nafasi kati ya ukuta na bati. Mwenye mzio huko huteseka zaidi miezi hii kuliko wakati wa mvua. Kwa wanaoishi jirani na mashine za kupasua mbao au karakana za useremala, pumba za mbao huongeza tatizo.

5. Matandiko

Ndani ya magodoro, mito na mablanketi huishi utitiri wa vumbi. Ni wadudu wadogo mno, hawaumi, wala hawaonekani kwa macho. Chakula chao ni mabaki ya ngozi yanayodondoka mwilini mwetu. Kinachosumbua ni kinyesi chao, ambacho kikikauka huwa vumbi. Wanapenda joto na unyevunyevu, na kitanda chenye mablanketi matatu mazito yasiyoanikwa huwapa vyote viwili.

6. Unyevu na ukungu

Wakati wa masika, ukuta wa tofali usio na msingi mzuri hunyonya maji kutoka ardhini. Nguo huanikwa ndani kwa kukosa jua. Baada ya wiki chache madoa meusi au ya kijani huonekana nyuma ya kabati na pembeni mwa dari. Huo ni ukungu, na mbegu zake huruka hewani.

7. Mazao, mifugo na dawa

Tumekuta vyumba vya kulala vilivyo pia ghala: magunia ya mahindi chini ya kitanda, viazi kwenye kona, na sehemu zinazolima pareto, maua yaliyotandazwa yakaukie ndani. Vumbi la pareto lenyewe ni kiamshi cha mzio kwa baadhi ya watu. Kuku wanaolala ndani kwa kuogopa wezi huacha manyoya na utitiri wao. Dawa za shambani zikitunzwa chumbani hutoa harufu usiku kucha. Tusisahau pia sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, na manukato makali.

TUNAJIFUNZA NINI KUTOKA KWA WENGINE?

Kuna tafiti mbili ambazo kila kamati inayopanga mradi wa majiko, na kila mfadhili anayetaka kuuchangia, wangefaa kuzifahamu. Zote mbili zilihusu nimonia ya watoto, si pumu, lakini zinatufundisha jinsi moshi unavyotenda kazi ndani ya nyumba.

Ya kwanza ilifanyika katika milima ya Guatemala, mahali penye baridi na mwinuko kama kwetu au zaidi. Kaya 534 zilihusishwa. Nusu zilipewa jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi nje, na nusu ziliendelea na moto wa wazi hadi mwisho wa utafiti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Sumu ya monoksidi ya kaboni waliyovuta watoto wa kaya zenye bomba ilipungua kwa karibu nusu. Nimonia kwa ujumla haikupungua kiasi cha kuthibitika, ila ile kali ilipungua.

Ya pili ilifanyika kwa majirani zetu wa Malawi, katika vijiji 150 vya Chikwawa na Karonga, na ilihusu watoto zaidi ya 10,000. Kaya ziligawiwa majiko mawili ya kisasa yenye feni, yanayochoma kuni vizuri zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, nayo hayakuonyesha tofauti yoyote ya nimonia kati ya waliopewa majiko na wasiopewa. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mtoto aliendelea kuvuta moshi kutoka kwingineko: takataka zinazochomwa uani, sigara, taa, moto wa jirani. Isitoshe, majiko mengine yaliharibika au hayakutumika kila siku.

Tunajifunza nini? Kwanza, jiko zuri lililowekwa pembeni ya mafiga yanayoendelea kuwaka halibadilishi hewa ya chumba. Pili, pafu la mtoto halijui moshi umetoka jiko gani. Tatu, kugawa ni rahisi kuliko kubadilisha.

Jambo hili tumeliona pia katika ziara zetu. Nyumba moja ilikuwa na jiko banifu lililokuwa limewekwa juu ya kabati, safi kama lilivyotoka dukani. Mama mwenye nyumba alitueleza bila kificho kwamba jiko lile hupika vizuri, lakini haliwezi kuwaotesha moto watu saba. Kwa hiyo hupikia mafigani. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anajibu tatizo ambalo waliolitengeneza jiko hawakuliuliza, nalo ni baridi.

KWA NINI NYUMBA HAZIBADILIKI?

Kabla kamati haijapanga cha kufanya, isikilize sababu tatu ambazo hurudiwa kila mahali.

Sababu ya kwanza ni baridi, kama tulivyosema. Jibu lake ni jiko la matofali na udongo lililojengewa palepale, lenye bomba la moshi. Udongo mwingi hushika joto na kuliachia taratibu baada ya moto kuzimwa, na watu wanaweza kukaa karibu nalo bila kulia machozi. Pamoja na hilo, dari chumbani huzuia joto lisipotelee kwenye bati.

Sababu ya pili ni mahindi. Wazee hutuambia kwamba moshi hukausha mahindi yaliyoko darini na kuyalinda yasitobolewe na wadudu. Wanasema kweli. Ukiondoa moshi bila kutoa njia nyingine ya kuhifadhi, umeokoa kifua na kupoteza chakula. Ndiyo maana mradi wa jiko uende pamoja na mafunzo ya kukausha mahindi juani hadi yakauke kabisa, na kutumia mifuko isiyopitisha hewa au mapipa yaliyofungwa vizuri. Wadudu wakikosa hewa hufa.

Sababu ya tatu haisemwi hadharani. Anayevuta moshi ni mama, na anayeamua kununua bati na bomba mara nyingi ni baba. Fedha ya viazi au mbao ikipatikana, jikoni huwa mwisho katika orodha. Tumeona kwamba semina ikifanywa na akina mama peke yao, hurudi nyumbani na elimu wasiyoweza kuitumia. Tunashauri wazee wa kanisa na akina baba wa jumuiya waalikwe, na ikiwezekana kipindi kimoja kifanyike jikoni, moto ukiwa unawaka, kila mmoja akae pale anapokaa mama kwa muda wa kupika ugali.

HATUA ZA KUCHUKUA

Hatua zisizo na gharama

1. Kausha kuni. Pasua mabanzi vipande vyembamba na uyapange chini ya paa penye upepo kwa miezi kadhaa. Kuni kavu ikigongwa na nyingine hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito.
2. Fungua mlango na dirisha wakati wa kuwasha moto, kwa sababu moshi ni mwingi zaidi mwanzoni. Loweka maharage usiku na funika sufuria ili yaive haraka.
3. Mtoto mchanga na mwenye pumu wasikae jikoni wakati wa kupika. Mtoto asibebwe mgongoni juu ya moto.
4. Anika mablanketi, mito na godoro juani kila wiki siku ya jua, kisha yakung'utwe nje, mbali na mgonjwa.
5. Nyunyizia maji sakafu kabla ya kufagia, na futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Mgonjwa asifagie, wala asiwemo ndani wakati huo.
6. Ondoa kuku, magunia na dawa za shamba chumbani. Ikiwa hakuna stoo, anza na chumba cha mgonjwa.
7. Usichome takataka karibu na nyumba, hasa mifuko ya plastiki.
8. Asivute mtu sigara ndani ya nyumba, hata kama mgonjwa hayupo. Harufu na chembe hubaki kwenye nguo na mapazia.

Hatua zenye gharama ndogo

1. Fua shuka na foronya kwa maji ya moto sana, nyuzi 60 hivi. Maji ya uvuguvugu husafisha lakini hayaui utitiri. Mkono usitumbukizwe mpaka yapoe.
2. Valisha godoro na mto mfuko wa plastiki au kitambaa kizito kilichoshonwa pande zote, kisha tandika shuka juu yake.
3. Sugua ukungu kwa sabuni na maji, kausha, kisha tafuta maji yanatokea wapi. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha.
4. Huko Makambako, ziba chini ya mlango kwa kitambaa wakati wa upepo, panda ua wa miti au michongoma upande unakotoka upepo, na acha nyasi fupi uani badala ya udongo mtupu.
5. Weka madirisha yanayotazamana, hata yakiwa madogo. Dirisha moja huingiza hewa kidogo; mawili yanayokabiliana huipitisha.

Hatua zenye gharama kubwa

1. Jenga jiko lenye bomba la moshi. Bomba lipande hadi juu ya kilele cha paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi ndani. Liwekewe kofia ya kuzuia mvua, lisiguse nyasi wala mbao za paa, na masizi yasafishwe kila mwezi. Bomba lililoziba ni sawa na kutokuwa nalo.
2. Tenga jiko na nyumba ya kulala.
3. Pale inapowezekana, tumia gesi au umeme angalau kwa vitu vya haraka kama chai na uji wa asubuhi. Mtungi mdogo wa kilo 6 hauwezi kuondoa kuni zote, lakini unaondoa moshi wa alfajiri, saa ambazo mwenye pumu hubanwa zaidi.

Hatua hii ya mwisho inakwenda sambamba na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Shule na vituo vyetu vimo katika agizo hilo, na mpishi wa shule ni mtu anayevuta moshi mwingi kuliko yeyote.

HEWA SAFI HAIONDOI HITAJI LA DAWA

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tumekutana na wazazi walioacha dawa baada ya kusafisha nyumba. Mgonjwa wa pumu huhitaji dawa za aina mbili. Ipo ya kufungua kifua mara anapobanwa, na ipo ya kuzuia uvimbe, inayotumika kila siku hata akijisikia mzima. Zote huvutwa kwa mdomo kwa kichupa maalumu. Anayetegemea dawa ya kufungua peke yake, siku baada ya siku, yuko hatarini na arudi kwa daktari. Si kweli kwamba kichupa humfanya mtu kuwa teja.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au mbavu za mtoto zikidumbukia anapovuta hewa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Pia si kila kikohozi ni mzio. Mkoa wa Njombe umekuwa ukiongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya VVU katika tafiti za kitaifa za 2011-12, 2016-17 na 2022-23, na kifua kikuu hufuatana na VVU. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kwanza. Anayeishi na VVU asingoje hata hizo wiki mbili. Kamati isimwambie mtu ni moshi kabla hajapimwa.

KWA KAMATI ZA SHARIKA NA WAFADHILI: TUHESABU NINI?

Taarifa nyingi za miradi huandika idadi ya majiko yaliyogawiwa. Ni hesabu rahisi, na picha yake hupendeza. Lakini mfano wa Malawi umetuonyesha kwamba majiko yanaweza kufika yote na mtoto akaugua vilevile. Tunapendekeza kamati zihesabu mambo manne mengine, ambayo hayahitaji mashine wala mtaalamu:

Kwanza, usiku wa kikohozi. Kila nyumba yenye mgonjwa iwe na daftari. Kila asubuhi mama aweke alama ikiwa mgonjwa alikohoa au kubanwa usiku. Kamati ilinganishe mwezi mmoja kabla ya mabadiliko na mwezi ule ule wa mwaka unaofuata, kwa kuwa Julai na Januari hazilingani.

Pili, kitambaa cheupe. Kitundikwe jikoni, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, kwa siku saba. Rangi yake itasema.

Tatu, mafiga. Baada ya miezi sita, je, mafiga ya zamani bado yanawaka? Swali hili liulizwe kwa upole, bila kumwaibisha mwenye nyumba. Akijibu ndiyo, aulizwe sababu.

Nne, siku ambazo mtoto hakwenda shule kwa ajili ya kifua. Mwalimu anazo kwenye mahudhurio.

Kwa marafiki wanaotuchangia tunasema hivi: huenda kwa fedha ile ile nyumba zitakazofikiwa zikawa chache kuliko mlivyozoea kuona katika taarifa, maana bomba, dari, mafunzo ya kuhifadhi mahindi na ufuatiliaji wa mwaka mzima vina gharama. Tunaamini kwamba nyumba ishirini ambazo moshi umetoka kweli zina thamani kuliko majiko mia mbili yaliyopangwa juu ya makabati. Tunaomba mtupime kwa kipimo hicho.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba zipi tunazozifahamu zenye mtu mwenye pumu au mzio? Nani amewatembelea kwa ajili ya jambo hili?
2. Ni chanzo kipi kati ya vile saba kinachoongoza hapa kwetu? Je, ni kile kile kiangazi na masika?
3. Nani katika nyumba zetu huamua matumizi ya fedha kwa ajili ya jiko? Tufanye nini ili baba na mama waamue pamoja?
4. Usharika una fundi gani anayeweza kujenga jiko lenye bomba, na vijana gani wanaweza kujifunza kwake?
5. Bibi au mjane anayeishi peke yake, asiye na mtu wa kumkaushia kuni wala kumwanikia blanketi, atasaidiwa na nani, na siku gani ya wiki?

Swali la tano tumeliweka mwisho ili kikao kisifungwe kabla halijapata majina na siku. Kitabu cha Mwanzo kinafundisha kwamba uhai wa mtu ulianza kwa pumzi. Kumsaidia jirani apumue usiku bila kubanwa ni huduma ambayo usharika wowote unaweza kuianza wiki hii, kwa ufagio, ndoo ya maji na mlango uliofunguliwa.

Kamati zitakazofanya somo hili zituletee muhtasari wa majadiliano na nakala ya madaftari yao ya miezi mitatu ya kwanza. Tutayakusanya na kuleta mrejesho katika jarida hili, pamoja na yale ambayo hayakufanikiwa, ili sharika nyingine zijifunze.